Tumtengee Makhan Singh Siku Yake

Kila mwaka, tarehe 1 Mei, wafanyakazi wa Kenya hupumzika. Hotuba hutolewa, nyimbo huimbwa, na jioni kila mtu hurudi kwake. Lakini mwulize mwanafunzi wa hapa Kinanie, katika Machakos, ni nani waliowafungulia wafanyakazi njia ya kudai haki zao: atakutazama kimya. Kimya hicho si kosa lake. Ni kosa letu sisi watu wazima, na walimu tu wa kwanza katika kulaumiwa. Kwa hiyo nasema kwamba tarehe 15 Mei itengwe katika shule zetu, iwe siku ya kumkumbuka Makhan Singh.

Mtu huyu alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa mjini Nairobi. Kijana wa namna hiyo angeweza kuishi kwa raha, akihesabu faida. Yeye akachagua kusimama upande wa vibarua. Siku zile rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mshahara wa mtu na mahali pa kulala kwake. Singh alikipokea chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na mwaka 1935 kikawa chama cha wafanyakazi wa kila rangi. Mwaka 1937 chama hicho kiligoma Nairobi, na mishahara ikapanda.

Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliviunganisha vyama vya wafanyakazi kuwa shirikisho moja. Serikali ya kikoloni ilikataa kuliandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Singh alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei akakamatwa pamoja na Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kudai wafunguliwe. Singh akapelekwa kuzuiliwa kaskazini, mbali na watu wake, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka zaidi ya 11! Kilichomweka huko hakikuwa wizi wala damu ya mtu. Kilikuwa neno la haki. Uhuru ulipokuja, vyeo viligawanywa, na yeye hakupewa. Akafa mwaka 1973.

Wako wasemao kwamba tunayo Siku ya Wafanyakazi, na tena tunayo Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba. Ya nini kuongeza nyingine? Nawajibu kwamba siku ya watu wote ni rahisi kugeuka kuwa siku isiyo ya mtu yeyote. Mtoto hajifunzi ushujaa kwa kusikia neno "mashujaa". Hujifunza kwa kumjua mtu mmoja, jina lake, alichokataa na alicholipa.

Wako pia wanong'onao kwamba huyu alikuwa Mhindi. Hoja hii naichukia kuliko zote. Sisi wa Machakos twajivunia Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kwenda Nairobi kwa miguu, kupinga ng'ombe wao kuuzwa kwa nguvu wakati kiwanda cha nyama cha Athi River kikiwasubiri. Serikali ilimhamishia Lamu, lakini uuzaji ule wa nguvu ulikoma. Ni haki kumheshimu. Lakini tukiwaheshimu wa damu yetu tu, basi hatuheshimu haki, twaheshimu ukoo. Singh hakuuliza kabila la kibarua kabla ya kumtetea. Sisi tutaulizaje kabila lake kabla ya kumshukuru? Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wa mwisho ni wale waogopao hasara: sikukuu nyingi, kazi chache. Hawa wasihofu. Sitaki lango hata moja la kiwanda lifungwe. Nataka saa moja tu katika kila shule. Mwanafunzi mmoja asimulie maisha ya Singh. Mwingine asome kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Kisha wote wajadiliane.

Kwa nini nawaambia ninyi vijana, wala si wakubwa? Kwa sababu wengi wenu, mkishamaliza shule, mtaamka kabla ya mapambazuko kwenda viwandani, Athi River na kwingineko. Mtapewa karatasi mtie sahihi. Asiyejua kwamba haki zake zilinunuliwa kwa miaka ya watu wengine atadhani ni sadaka ya tajiri, na sadaka aweza kunyang'anywa bila kuuliza. Msingoje serikali itangaze siku hiyo. Mei ijayo, tarehe 15, mwombeni mwalimu wenu saa moja. Akiwanyima, mwulizeni sababu kwa adabu, na msichoke kumwuliza.