Yanayosemwa Kando ya Meza ya Pool Nkoma

Meza ya pool ya sarafu haihitaji umeme. Unasukuma sarafu, mipira inaporomoka ndani kwa uzito wake na kutokea ubavuni, mchezo unaanza. Kwa sababu hiyo imeweza kuwekwa hata kwenye vituo vya biashara ambako nguzo za umeme zilichelewa, na kata ya Nkoma, iliyokuwa ndani ya Bariadi kabla ya Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Itilima kuanzishwa mwaka 2012, ni ya mazingira hayohayo. Palipo na meza pana maneno. Msimu wa pamba ukifunguliwa Mei na fedha zikaanza kuonekana mikononi mwa watu, maneno huongezeka: nani bingwa, nani tapeli, nani ana dawa. Sehemu kubwa imetoka kwenye sinema, nazo zilipita kwanza midomoni mwa watafsiri wa mabanda ya video wa mtindo wa Lufufu, ambao hawakuwahi kuona ubaya wa kutia chumvi pale filamu inapopoa. Nachukua yale yanayorudiwa sana.

"Pool ni mchezo wa wahuni, hata serikali imesema."

Serikali haikusema hivyo. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea vijana wanaocheza pool asubuhi, saa za kazi, na viongozi wa mikoa na wilaya wakaanza kuwabana. Kemeo lilihusu saa. Mzee anayecheza bao chini ya mwembe saa nne asubuhi wakati shamba lake limejaa magugu ana kosa lilelile, ila yeye hapandishwi kwenye karandinga. Wengine huleta sheria: kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha wazembe na wazururaji, kinamgusa pia anayecheza hadharani mchezo wa kubahatisha kwa fedha. Sawa, kipo. Lakini pool si wa kubahatisha kama karata tatu. Mpe mchezaji hodari na mgeni wa fimbo gemu kumi, uone kama bahati itagawanywa sawasawa. Dau likiwekwa juu ya meza, hiyo ni kamari ya watu wawili walioamua kuwekeana, na wangeweza kuwekeana juu ya mechi ya Simba na Yanga bila mtu kuuita mpira wa miguu uhuni.

Picha ya uhuni tumeletewa na sinema. Katika Rush Hour ya 1998 Jackie Chan anaingia baa, na fimbo za pool zinageuka silaha. Katika Carlito's Way ya 1993 meza ya pool ipo ili watu wauane kuizunguka. Mwongozaji anapotaka mtazamaji ajue kwamba hapa pana hatari, anatundika taa juu ya meza ya kijani na kuuacha moshi upande. Ni njia ya mkato, na imekula jina la mchezo kwa miaka mingi.

"Bingwa mkubwa kuliko wote duniani alikuwa Minnesota Fats, na filamu ilitengenezwa juu yake."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dai hili ni la uongo kuanzia mzizi, na uongo wenyewe ni mtamu.

Filamu ni The Hustler ya mwaka 1961. Paul Newman ni Eddie Felson, kijana mwenye mkono mwepesi na kichwa cha moto; Jackie Gleason ni Minnesota Fats, jitu nene, nadhifu, lisilotokwa na jasho. Hadithi ilitoka kwenye riwaya ya Walter Tevis ya 1959, na Tevis alisema hadi mwisho kwamba Fats alimbuni mwenyewe. Kisha akajitokeza mcheza kamari mmoja mnene, Rudolf Wanderone, aliyejulikana mpaka siku hizo kama New York Fats. Akatangaza kwamba Minnesota Fats wa kwenye filamu ni yeye. Watu wakaamini. Alipata vitabu, vipindi vya televisheni, matangazo na mialiko. Ubingwa mkubwa wa mashindano hakuwahi kuupata hata mmoja.

Bingwa alikuwapo, na alikuwa ndani ya filamu hiyohiyo. Jina lake Willie Mosconi. Alitwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957. Mwaka 1954, mjini Springfield, Ohio, alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa, na waliokuwapo wakatia sahihi hati ya kiapo kuthibitisha walichokiona. Rekodi hiyo ilikaa hadi John Schmidt alipofikisha 626 mwaka 2019. Jayson Shaw akaipandisha hadi 714 mwaka 2022. Kwenye The Hustler Mosconi alikuwa mshauri wa ufundi, alimfundisha Newman kushika fimbo na alipiga mwenyewe baadhi ya mipigo tunayodhani ni ya Newman. Anaonekana kidogo tu, mtu wa suti anayeshikishwa fedha za dau. Bingwa wa dunia, kazi yake kwenye picha ni kushika hela za wengine.

Mosconi alichukia sana jinsi Wanderone alivyoufanya mchezo uonekane wa matapeli. Tarehe 14 Februari 1978 walikutanishwa hoteli ya Waldorf Astoria, New York, mbele ya kamera za ABC. Mosconi alishinda bila taabu. Wanderone aliongea mchezo mzima. Waulize watu leo ni jina gani kati ya hayo mawili wamewahi kulisikia. Chama cha mabilidi cha Marekani kilimwingiza Mosconi kwenye jumba lake la heshima mwaka 1968 kama mchezaji. Wanderone akaingizwa 1984 kwa utumishi wake katika kuutangaza mchezo. Sioni mahali pengine tofauti yao ilipoandikwa kwa adabu kiasi hicho.

Wapo wanaosema huu ni ubishi wa Wamarekani, hautuhusu. Unatuhusu. Kila penye meza yupo Wanderone wake, yule ambaye ushindi wake wote ulitokea mji mwingine, mwaka mwingine, mbele ya mashahidi waliokwisha kuhama.

"Wanaojua kweli hawaendi kwenye mashindano. Wanazunguka kimyakimya wakiingiza watu mjini."

Dai hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaitwa Efren Reyes. Mfilipino huyu, mzaliwa wa Pampanga mwaka 1954, alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake Manila na usiku akilala juu ya meza. Mwaka 1985 alikwenda Houston, Marekani, akijiita Cesar Morales, kwa sababu wacheza kamari wa huko walikwisha kulisikia jina lake ila sura hawakuwa wameiona. Aliwavuna vilivyo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wachezaji wakubwa ni malaika waliodhulumiwa na sinema.

Lakini angalia alichokifanya baadaye. Jina likishajulikana, ule ujanja haufai tena, na Reyes aliingia mashindanoni kwa jina lake halisi. Mwaka 1994 akawa mchezaji wa kwanza asiye Mmarekani kushinda U.S. Open ya mipira tisa. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia huko Cardiff. Dunia inamwita Mchawi kwa mipigo iliyoonekana na maelfu. Zile hela za Houston zinabaki hadithi za baa, na kila anayezisimulia ana kiasi chake.

Utapeli wa namna hiyo unahitaji nchi pana yenye barabara ndefu na miji ambayo hakuna anayekujua. Kwetu aliyefungwa analipia meza, aliyeshinda anabaki. Jifanye hujui leo Nkoma, ufunge watu wanne, kesho habari iko Lagangabilili kabla yako, na keshokutwa Bariadi mjini wanakusubiri na kijana wao. Anayeweza kuishi kwa kujificha hapa labda ni msafiri wa minadani, naye atapita kila mnada mara moja tu.

"Tom Cruise alipiga mwenyewe kila kitu, kwa hiyo hata sisi tunaweza."

Karibu kila kitu. Katika The Color of Money ya Martin Scorsese, mwaka 1986, Cruise alifanya mazoezi ya kweli na mipigo mingi ni yake. Ule wa kurusha mpira mweupe juu ya mipira miwili ulipigwa na bingwa Mike Sigel. Filamu ile ilijaza wachezaji wa kweli: Steve Mizerak yumo, na Keith McCready, mcheza kamari hasa, anaigiza mpinzani mkorofi. Newman akapata Oscar kwa kurudi kwenye nafasi ya Eddie, sasa mzee.

Hilo la "hata sisi" ndilo gumu. Wao wanacheza meza ya futi tisa na mipira yenye kipenyo cha milimita 57. Meza yetu ya sarafu ni ya futi saba au pungufu, mipira ya milimita 51, na mara nyingi mweupe umepunguzwa kidogo, 48 hivi, ili ukitumbukia mashine iutambue na kukurudishia. Mpira mweupe ulio mwepesi kuliko mwenzake hurudi nyuma kirahisi zaidi unapoupiga chini, na huyumba zaidi unapougonga ubavu. Anayeiga mpigo wa Cruise kwenye meza iliyoinama upande wa mlango, kitambaa kimechanika kwenye kona, anaiga kitu kingine kabisa.

"Yule ana dawa."

Usukumani neno hili lina ukoo mrefu. Ngoma za Bagika na Bagalu zilijengwa na mahasimu wawili wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha, na hadi leo vikundi vyao hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Dawa za kuvutia watazamaji ni sehemu ya ushindani huo waziwazi. Nauheshimu utamaduni huo, nami sitaki kumfundisha mtu kuhusu ngoma.

Tatizo ni kuuhamishia mezani. Kwenye ngoma anayeamua ni watu, na watu wanavutika. Kwenye pool anayeamua ni shimo. Huyo unayemshuku utamwona, ukimtazama kwa dakika kumi, akifanya jambo lisilo la siri: haangalii mpira anaoupiga tu, anaangalia mweupe utasimama wapi baada yake. Mpigo wake ni wa kawaida, wala haushangiliwi, kwa kuwa ameshajiwekea rahisi tupu. Wanaoshangiliwa ni wale wanaojiweka pabaya kisha wakajiokoa. Sinema nazo hupenda hao, maana mpira rahisi haujazi kioo.

"Si mchezo wa wanawake." Mwaka 1952 Masako Katsura wa Japani alishindania ubingwa wa dunia wa mabilidi dhidi ya wanaume, San Francisco. Karibu nasi, Rukia Nayiga amekuwa bingwa wa wanawake Uganda, na mashindano ya taifa ya hapa kwetu yamekuwa na upande wa wanawake. Dai hili halistahili aya nzima.

"Hakuna maisha kwenye pool."

Kwa hili wapinzani wangu wana hoja, ila wanailenga vibaya. The Hustler, kwa makosa yake yote, ilisema jambo moja la kweli kuliko watazamaji wengi walivyoona. Adui wa Eddie si Fats. Ni Bert Gordon, mwenye mtaji, anayekubali kumwekea dau kwa sharti la kuchukua asilimia 75. Mchezo una fedha. Shida ni nani anaondoka nazo. Mwaka 2006 tajiri wa matangazo ya televisheni, Kevin Trudeau, aliwaahidi wachezaji mamilioni ya dola kupitia mzunguko mpya wa mashindano. Reyes alishinda zawadi ya dola 500,000 huko Reno, na mzunguko ukaanguka huku wachezaji wakidai malipo yao. Tapeli mkubwa wa pool wa kizazi hiki hakushika fimbo.

Hapa nyumbani kampuni ya bia, TBL, ilidhamini kwa miaka kadhaa mashindano ya taifa ya Safari Lager chini ya chama cha pool nchini, TAPA: klabu zikianzia mikoani, washindi wakienda fainali, na yakawapo hata ya vyuo vikuu. Uganda wana ligi ya klabu iliyodhaminiwa na bia ya Nile Special. Ni njia nyembamba, inayotegemea bajeti ya matangazo ya kampuni, lakini ndiyo iliyompa mchezaji wa mkoani nafasi ya kufungwa na bora kuliko yeye, mbele ya mwamuzi, matokeo yakiandikwa.

Na hapo ndipo Nkoma pamepungukiwa. Wanaogawana sarafu kila jioni, mwenye meza na mwenye baa, wana daftari. Wachezaji hawana. Mwenye baa anayetaka kufaidi zaidi ya sarafu angeweza kutundika ubao ukutani: jina, tarehe, nani kamfunga nani, gemu ngapi kwa ngapi. Atakayekuwa wa kwanza kuupinga naweza kumtaja hata sasa. Ni yule aliyeshinda mji mwingine.