Barua kwa Ajia, Kabla Sanduku Halijavunjwa

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, nanyi vijana mnaoshinda mpakani Vurra mkisubiri malori,

Ujumbe wa sauti wa mama mdogo nimeupata huku Toronto. Ulikuwa mrefu, nimeusikiliza nikienda kazini nikaumalizia nikirudi. Kwa ambao hawakuwepo kikaoni, habari yenyewe ni hii: kuna vijana wawili nadhifu wamefika Ajia, wakapita na Koboko, wanauza hisa za kampuni ambayo wanasema itachimba dhahabu ng'ambo, Kongo, upande wa Watsa. Kikundi cha akiba kinataka kuvunja sanduku mapema, kisingoje Desemba, na sisi tulio mbali tumeombwa kila mmoja aongeze shilingi milioni moja. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu nasikia Wanubi wa mjini Arua, ndugu zetu Wakakwa wa Koboko na wafanyabiashara wa Ariwara nao wamo, na sitaki mtu asomewe barua hii kwa mdomo wa mwingine.

Mama mdogo ameniuliza swali moja tu: dhahabu ipo kweli, au tunadanganywa?

Mama, dhahabu ipo. Hilo halihitaji mtu wa Toronto kulijibu. Mgodi wa Kibali, pale Durba, uko kama kilomita 150 magharibi ya Arua, na umekuwa ukitoa dhahabu tangu 2013. Ulijengwa na Randgold na AngloGold Ashanti, kila mmoja akishika asilimia 45, na shirika la serikali ya Kongo, SOKIMO, likabaki na 10. Mashine zake nyingi zilipita mbele ya macho yenu kwenda Aru. Kabla ya hapo Wabelgiji walichimba dhahabu ya Kilo na Moto miaka na miaka. Na wazee wanakumbuka Februari 1966, mbunge Daudi Ochieng aliposimama bungeni Kampala akataka Kanali Idi Amin achunguzwe kuhusu pesa za dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Mwezi haukuisha kabla waziri mkuu Obote hajawakamata mawaziri wake watano wakiwa kwenye kikao cha baraza. Dhahabu ya ng'ambo imewahi kutikisa serikali ya Uganda nzima, sembuse sanduku la Ajia.

Kwa hiyo mkiuliza kama dhahabu ipo, muuzaji atafurahi. Hilo ndilo swali analoliweza. Atawaonyesha jiwe, atawaonyesha picha ya shimo, atawatajia Kibali, na kila neno litakuwa la kweli. Mimi nataka mumuulize jambo jingine: ikipatikana, nani analipwa kabla yetu?

Najua mnachoogopa ni utapeli wa wazi, na si bure. Hata serikali yetu imewahi kutupa tarakimu za kulevya. Juni 2022 msemaji wa wizara ya nishati na madini alitangaza kwamba Uganda ina tani milioni 31 za mbale, ambazo zingetoa zaidi ya tani 320,000 za dhahabu safi. Dhahabu yote iliyochimbwa na binadamu tangu dunia ianze kuchimba inakadiriwa kuwa tani laki mbili na kitu. Sisi peke yetu, basi, tungeishinda dunia na historia yake! Nadhani hao vijana wawili bado wanakula kwa tangazo lile.

Huku Kanada nako waliumwa na nyoka huyo. Kampuni iitwayo Bre-X ilidai kugundua dhahabu ya ajabu Busang, Indonesia. Watu wakaweka pesa za uzeeni. Mwaka 1997 ikathibitika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa mkono, na ardhini hamna kitu cha maana. Baada ya aibu hiyo Kanada ikaweka masharti makali: hakuna kampuni kwenye soko la hisa kutangaza madini bila mtaalamu anayetambulika kuweka jina lake kwenye ripoti. Wengi wakapumua, wakaona sasa mwenye hisa mdogo amelindwa.

Ndipo ikaja Banro, na hiyo ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu Banro haikuwa utapeli. Ofisi yake ilikuwa hapa hapa Toronto, hisa zake zikiuzwa soko la hapa na la New York. Leseni zake zilikuwa Kongo ya mashariki, kwenye mkanda wa dhahabu wa kilomita 210 kutoka Twangiza, Kivu Kusini, hadi Namoya, Maniema. Maeneo hayo yalikuwa ya shirika la zamani la SOMINKI. Mwaka 1998 serikali ya Laurent Kabila iliinyang'anya Banro, kesi ikaenda mbali, na 2002 wakapatana, kampuni ikarudishiwa. Dhahabu ilipimwa, ripoti zikawekwa sahihi, na mwishoni mwa 2011 Twangiza ikatoa dhahabu ya kwanza. Mwanzoni mwa 2012 hisa moja ilikuwa inapita dola nne. Aliyenunua wakati huo hakuwa mjinga. Alikuwa ameona mgodi unaofanya kazi.

Mwaka huo huo kampuni ikakopa dola milioni 175 kwa hati fungani, riba asilimia 10, ili ijenge mgodi wa pili, Namoya. Pigeni hesabu wenyewe: riba peke yake dola milioni 17.5 kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Na mvua ilinyesha kila upande. Bei ya dhahabu, iliyokuwa imegusa dola 1,900 kwa wakia Septemba 2011, ilikuwa imeshuka karibu na 1,200 mwisho wa 2013. Kule Namoya walipanga kurundika mbale na kuimwagilia dawa ya sianidi ichuje dhahabu taratibu mpaka chini, lakini udongo ulikuwa na vumbi laini mno, dawa ikawa haipiti vizuri kwenye rundo. Kila mwezi wa kurekebisha ni mwezi wa gharama bila mapato. Namoya haikuhesabiwa kuwa mgodi kamili wa biashara mpaka Januari 2016, na deni lilikuwa la kulipwa Machi 2017.

Katikati hapo walifanya jambo ambalo mtu wa Ajia atalielewa kuliko mtu wa Toronto: waliuza muhogo ungali ardhini. Wakopeshaji wakubwa, wakiwamo Gramercy wa Marekani na Baiyin wa China, walitoa pesa taslimu, nao kwa sehemu wakaahidiwa dhahabu ambayo haijachimbwa bado. Pesa ilipokelewa mara moja ikaisha. Dhahabu ilipotoka, ilikuwa na mwenyewe tayari.

Mwaka 2017 mambo yalikwenda haraka. Sehemu kubwa ya deni iligeuzwa hisa, wenye hisa wa zamani wakajikuta kipande chao kimekuwa kijipande. Kabla mwaka haujaisha Namoya ikasimama kwa sababu kundi lenye silaha lilikuwa limeziba njia. Desemba kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama ya Ontario dhidi ya wadai, chini ya sheria inayojulikana kwa herufi CCAA. Sheria hiyo haimung'unyi maneno: mwenye hisa hapati hata senti mpaka wadai wengine wote walipwe chote. Mpango ulipopitishwa 2018, Baiyin na Gramercy walichukua kampuni, na hisa zote za zamani zikafutwa bila malipo. Wenye hisa wadogo hawakuwa na kura. Twangiza yenyewe haikuwa imekauka. Dhahabu ilikuwa bado inatoka, ila si kwa ajili yao tena.

Na kabla hatujawalilia sana watu wa Toronto, tukumbuke kwamba wananchi wa Luhwindja walihamishwa kutoka mlima wa Twangiza wakapelekwa Cinjira, juu kwenye baridi. Hao hawakununua hisa yoyote. Walichotoa ni ardhi, na ardhi hiyo haina soko la kuiuza siku mambo yakiharibika.

Jambo linalonikera katika kisa hiki ni kwamba hakuna kilichofichwa. Deni liliandikwa. Riba iliandikwa. Hatari ya vita, ya bei, ya mitambo, zote ziliandikwa kwenye taarifa za kampuni, kurasa na kurasa, ambazo yeyote angeweza kuzisoma. Watu walisoma ukurasa wenye idadi ya wakia. Nami nawajua watu wetu: tukipewa karatasi tunatazama muhuri na jumla ya chini.

Sasa rudini kwa hao vijana wawili. Mwenye hisa wa Banro, pamoja na yote, alikuwa na vitu ambavyo nyinyi hamtakuwa navyo. Siku yoyote kati ya 2012 na 2017 angeweza kuamka asubuhi, akauza, akaondoka na chochote kilichobaki badala ya hasara yote. Nyinyi mtamwuzia nani karatasi yenu? Mtaipeleka soko la Arua, muiweke karibu na nyanya? Alikuwa pia na msimamizi wa soko anayeweza kuiwajibisha kampuni ikisema uongo. Uganda tunayo mamlaka kama hiyo, Capital Markets Authority, iko Kampala tangu miaka ya 1990, na anayewauzia umma hisa anatakiwa awe na waraka wa matarajio ulioidhinishwa nayo. Mwulizeni kijana huo waraka uko wapi. Akisema kampuni ni ya Kongo kwa hiyo sheria ya Kampala haimhusu, mjibuni kwamba pesa anazochukua ni za Ajia.

Leseni pia mwombeni namba yake. Kongo ina ofisi ya kumbukumbu za leseni za madini, CAMI, Kinshasa, na ramani yake inaonekana hata kwa simu. Nitumieni namba, nitaangalia imesajiliwa kwa jina la nani, ni ya utafiti au ya uchimbaji, na inaisha lini. Leseni ya utafiti ni ruhusa ya kutafuta tu. Wengi wameuziwa ruhusa ya kutafuta wakidhani wamenunua kilichopatikana. Zaidi ya yote, kampuni inadaiwa nini, na nani, na kwa dhamana gani? Kama mashine ni za kukopa na mwenye mashine analipwa kwa dhahabu ya kwanza, basi nyinyi ni wa mwisho kwenye foleni, na foleni hiyo ni ndefu: serikali na mrabaha wake, benki, muuza dizeli, wafanyakazi, walinzi. Hata kampuni ya watu waaminifu kabisa ina foleni hiyo.

Kuna watakaosema: huyu amekaa huko ameshiba, anatunyima nafasi. Sikatai kwamba nimeshiba. Lakini tazameni nani hapo kwetu amewahi kuonja pesa ya Kibali. Ni wanawake wanaovusha maharagwe na samaki wakavu wa Panyimur, wenye malori, mafundi wa matairi njia ya Vurra. Wote waliuza kitu wakalipwa siku ile ile, hakuna aliyengoja gawio. Kikundi kikitaka kukopesha wawili watatu wa hao kwa riba yetu ya kawaida, milioni yangu naituma kesho asubuhi, na msinipe risiti.

Ya hisa siitumi. Angalau mpaka nione hizo karatasi: waraka wa matarajio, leseni, na orodha ya madeni. Zipigeni picha pande zote mbili, kwa sababu mambo ya deni hupenda kukaa nyuma. Na mama mdogo, kikao ni Jumapili baada ya misa. Barua hii isomwe kabla yule kijana hajapewa nafasi ya kusimama, si baada.

Mtoto wenu wa Ajia,
Toronto