Neno «gargantuesque»

Siku hizi mutu akikamata sahani mbili za bugali, wenzake wanamupigia makofi: «Gargantuesque!» Wanazani ni sifa.

Gargantua ni jitu la kitabu cha Rabelais (1534). Alinyonyeshwa maziwa ya ng'ombe 17.913! Humo wanasema alizaliwa akilia kinywaji, baba yake akashangaa ukubwa wa koo lake, jina likatoka hapo. Hata kwa Kihispania, garganta ni koo. Basi neno hili halipimi urefu wala nguvu ya mutu, linapima koo tu.

Tena Gargantua alikuwa mwana wa mfalme. Sisi tuko na sufuria moja. Mimi kapita ninaona: juma hili wadogo wa mwaka wa kwanza waliikuta tupu mara mbili. Na wenye koo ni sisi wa mwaka wa sita.