Kinanda Kidogo Chatosha

Mwezi huu nataka kusema nanyi habari za kinanda. Si kile kikubwa cha makanisa ya mjini, bali kile kidogo cha nyumbani, chenye spika zake ndani, ambacho mtu aweza kukipakata magotini akiwa safarini. Walimu wengi wameniuliza kama chombo cha namna hii chafaa kuongozea ibada na kunasia nyimbo za kwaya. Nitajibu, lakini kwanza sharti niungame kosa langu, kwa maana jambo hili nalijifunza kwa aibu.

Kwaya yetu ina kinanda chenye vibao 61, tulichopewa na jamaa waliokuwa wakihama. Mwaka jana wazee wa kwaya walinijia, wakasema, "Mwalimu, hatuwezi kurekodi nyimbo za Noeli kwa kitu hiki. Watu watatucheka, watasema ni mchezo wa watoto." Nikakubali upesi, maana hata mimi nalikuwa nimekwisha kukitazama kwa tamaa kinanda cha usharika wa jirani. Tukakata shauri kila mwimbaji alete shilingi 50,000. Nikaandika majina kwa mkono wangu mwenyewe, nikabandika karatasi mlangoni pa kanisa: waliolipa upande mmoja, wasiolipa upande wa pili.

Baada ya majuma matatu mama mmoja wa sauti ya pili hakuonekana tena mazoezini. Ni mwimbaji wa siku nyingi, naye ndiye aliyewafundisha wasichana wetu kusoma do, re, mi ubaoni. Nikaenda kwake jioni, nikamkuta akikanda unga wa maandazi ya kuuza kesho yake. Akanipa kigoda, akaniamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, nimeliona jina langu mlangoni. Kila aingiaye kuabudu asoma kwanza ya kuwa mimi sina kitu. Sauti hii Mungu alinipa bure, lakini siku hizi ina kiingilio."

Sikuwa na neno la kumjibu. Asubuhi, kabla ya kengele, nikaibandua karatasi ile.

Ndipo tulipoketi na wazee tukauliza neno ambalo lilitupasa kuuliza tangu mwanzo: Kinanda hiki kidogo kimepungukiwa na nini? Tukahesabu. Wimbo wa kitabuni una sauti nne. Basi mpigaji abonyeza vibao vinne kwa mara moja. Vibao 61 ni oktava tano, na sauti zote za waimbaji wetu, tangu besi ya chini mpaka soprano ya juu, zaingia humo na nafasi yabaki. Vibao 88 vya piano vina kazi yake kwa wapigao kazi kubwa za piano. Kuongoza nyimbo za kanisa hakuhitaji hata vibao vyote tulivyokuwa navyo. Tukaona ya kuwa upungufu haukuwa katika chombo, bali katika matumizi yetu.

Tena iko habari moja ya kweli iliyonisaidia. Katika mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilianza kuuza kinanda cha nyumbani kiitwacho MT-40, chenye vibao 37 na vingine 15 vidogo vya besi. Midundo iliyotiwa ndani yake ilitungwa na binti aitwaye Okuda Hiroko, aliyeingia kazini mwaka 1980 akitoka chuo cha muziki; nayo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Huko Kingston, Jamaika, vijana wawili, Wayne Smith na Noel Davey, walikuwa na kinanda hicho. Wakauona mdundo mmoja humo, wakaupeleka kwa mtengenezaji wa nyimbo aitwaye King Jammy, ukapunguzwa mwendo, na katika mwaka 1985 ukatoka wimbo "Under Mi Sleng Teng". Toka hapo muziki wa Jamaika uligeuka, kwa maana watu waliona ya kuwa chombo kidogo cha sebuleni chaweza kufanya kazi iliyodhaniwa kuwa ni ya kundi zima la wapigaji.

Maneno ya wimbo ule si ya kufundisha watoto wetu, wala siyasifu. Walakini Bwana wetu mwenyewe, kwa mfano wa wakili, alituonyesha ya kuwa twaweza kujifunza busara hata kwa wasio wa njia yetu. Vijana wale hawakungoja chombo cha matajiri. Walikichunguza walichokuwa nacho, wakakijua mpaka ndani. Tena hawakuuacha mdundo uwaburute ulivyotoka kiwandani. Waliupunguza mpaka ukawafaa. Hapo pana fundisho kwetu sote.

Basi, haya ndiyo tuliyojifunza, nami nawapa walimu ili wajaribu.

Katika ibada, kwanza, mdundo wa chombo uzimwe. Mashine haingoji bibi mzee avute pumzi, wala haijui kwamba mstari wa mwisho wa sala huimbwa polepole. Anayepiga na awasikilize watu; na kama mdundo watakiwa, iko ngoma na kayamba, na mikono ya watu ni mingi. Mdundo wa mashine wafaa mazoezini, kumfundisha mwanafunzi asikimbie.

Pili, mjue kibonyezo cha kuhamisha sauti. Vinanda vingi vya bei ndogo vinacho, nacho hupandisha au kushusha sauti nusu kwa nusu, na vidole havibadili mahali. Mpigaji ajuaye kupiga kwa do moja tu aweza hivyo kuwafuata waimbaji wa do nyingine. Lakini baada ya wimbo akirudishe mahali pake. Sisi tulisahau Jumapili moja, na wimbo wa pili ulipanda juu mpaka wanaume wakanyamaza.

Tatu, spika za ndani hazitoshi kwa watu mia. Chukueni waya kutoka tundu la visikilizio vya masikioni mpaka kwenye amplifaya ya kanisa. Kabla ya kuchomeka, shusheni sauti ya amplifaya kabisa. Kisha wekeni sauti ya kinanda kama theluthi mbili, ndipo mpandishe ya amplifaya kidogo kidogo. Jueni pia ya kuwa katika vinanda vingi, mkichomeka tundu lile, spika za ndani hunyamaza. Basi iwekeni spika moja mahali ambapo mpigaji na kwaya wataisikia.

Nne, umeme. Msichomeke adapta yo yote iingiayo tunduni. Tazameni volti zilizoandikwa kwenye chombo, tena tazameni alama ya kujumlisha na kutoa, kwa maana kampuni hazifuati desturi moja, na adapta isiyo yake yaweza kukiua kinanda kwa dakika moja. Na kama kinanda chenu chatumia betri, wekeni akiba kabatini. Siku ya Pasaka umeme haukumbuki kalenda.

Katika kunasa nyimbo, simu ya mkononi yatosha kuanza. Chagueni chumba chenye vitu laini, mikeka na mapazia, kwa maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Epukeni saa ya mvua chini ya bati. Izimeni mitandao ya simu, isije ikalia katikati ya ubeti. Simu isimame hatua mbili mbele ya kwaya, na kinanda kikae mbali kuliko waimbaji, kwa sauti ya chini, kwa sababu wimbo ni maneno, na maneno yasiposikika kazi imepotea. Adapta ikileta mvumo, itoeni, mpige kwa betri. Naseni ubeti mmoja, msikilize wote pamoja, mpange watu upya. Ndipo muimbe wimbo wote. Sisi tulipanga mara tano kabla besi hazijaacha kuwafunika akina mama.

Mwisho, chagueni mlio mmoja mkae nao. Chombo chaweza kuwa na milio mia na zaidi, na kijana mwenye kukipata mara ya kwanza hutaka tuisikie yote katika wimbo mmoja. Mlio wa kinanda cha kanisa, au wa piano, uliopigwa kwa unyofu, hauchoshi sikio.

Hivyo ndivyo tulivyonasa nyimbo sita za Noeli. Katika wimbo wa tatu jogoo wa jirani asikika, tumemwacha. Fedha zilizokwisha kukusanywa tulizirudisha kwa wenyewe, mmoja mmoja, kwa mkono. Nami nalisimama mbele ya kwaya nikaomba radhi kwa ajili ya karatasi ile. Mama yule hakuwako siku hiyo, lakini habari zilimfikia. Juma la pili aliingia kimya, akaketi mahali pake, akafungua daftari lake. Mpaka leo hajanitajia jambo lile. Nami kila nipitapo mlangoni naona alama ya gundi iliyobaki ubaoni, nayo yanitosha kuwa mahubiri.

Sisemi ya kuwa kinanda kikubwa ni dhambi. Usharika wenye nacho na ukitunze, ukishukuru. Nasema tu, tusimfukuze mwimbaji ili tununue chombo cha kumsindikiza. Daudi alipovikwa silaha za mfalme Sauli hakuweza kwenda nazo. Alizivua, akatwaa kombeo alilolizoea tangu machungani. Kombeo lile halikuwa zuri kuliko upanga, ila mkono wake ulikuwa umelijua.

Basi, wazazi, kama nyumbani mwenu kimo kinanda kidogo kilichofunikwa kitambaa juu ya kabati, kishusheni. Mtoto na ajifunze wimbo mmoja kwa sauti nne mpaka aujue kwa moyo, na jioni jamaa yote waimbe naye baada ya sala. Walimu, hesabuni mlicho nacho kabla ya kuandika orodha ya michango. Na orodha, mkiiandika, isibandikwe mlangoni.

Neema iwe nanyi nyote. Ni mimi ndugu yenu na mtumishi mwenzenu,

Katekista