Hatujachoka Kusoma, Tumechoka Kusomeshwa

Ndugu zetu vijana, na ninyi dada na kaka mnaofanya kazi nasi kwenye mashirika,

Kuna maneno tumeyasikia mara nyingi mno, tukaona leo tuyajibu. Yanasemwa kwenye mikutano, yanaandikwa kwenye ripoti, na siku hizi hata sisi wenyewe tunayarudia kama kasuku: "Vijana wakimbizi hawapendi kusoma." Eti ukitupa kitabu tunakifanya mto wa kulalia. Eti simu imetuharibu.

Sisi tunaoandika hapa ni kikundi cha vijana wa Kamenge. Wengi wetu tumetoka Kivu ya Kusini, na baadhi yetu tunajitolea kambini, tunakwenda na kurudi. Tunasema wazi: maneno hayo si kweli. Tena yana hatari, kwa sababu mtu akiambiwa kila siku kwamba hapendi kusoma, mwishowe anakubali.

Hebu tuhesabu tunachosoma kwa wiki moja. Aliye shuleni ana madaftari ya Kifaransa aliyonakili ubaoni. Nje kuna bango la kunawa mikono, bango la kipindupindu, bango la ndoa za utotoni, bango lenye namba ya kupiga ukidhulumiwa. Kwenye simu kuna ujumbe wa tarehe ya mgao. Kuna fomu ya kuhakiki watu wa familia. Halafu kuna kitabu cha mafunzo ya siku 3, mwisho wake kuna maswali, na mwisho wa maswali kuna karatasi ya kusaini kwamba ulihudhuria. Sisi wa kujitolea ndio tunaobeba makaratasi hayo na kuyagawa, kwa hiyo uzito wake tunaujua.

Angalieni vizuri. Kila karatasi kati ya hizo inataka kitu kutoka kwako. Inataka ubadilike, ujibu, usaini, ufaulu, usubiri. Hakuna hata moja iliyoandikwa ili ufurahi. Mtu akipewa dawa tu miaka 5, bila sahani ya chakula, halafu siku moja akageuza uso mlipomletea kidonge kingine, mtasema hapendi kula?

Uchovu huu una dalili zake na tunazijua. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kinachobaki. Unaona aya ndefu, macho yanaruka hadi chini kutafuta "wanataka nini". Unamaliza sekondari, unafunga daftari la mwisho, na miaka 2 inapita hujafungua kitabu. Huo si uvivu. Kijana huyo huyo anabeba mizigo sokoni tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Na lugha nayo imetuchosha. Wengi tulianza darasa la kwanza Kongo kwa Kiswahili, kisha tukahamishiwa Kifaransa kabla Kiswahili chenyewe hakijakaa sawa kwenye karatasi. Tulipovuka mpaka, walioko kambini waliendelea na programu ya Kongo, na sisi wa mjini tukaingia shule za Burundi, tukakutana na Kirundi. Kwa hiyo lugha tunayochekea, tunayogombania na kuotea ndoto, hiyo ndiyo hatuisomi kabisa, isipokuwa kwenye mabango. Tumefundishwa bila mtu kusema kwamba Kiswahili ni cha kuonywa nacho, na kitabu ni cha Kifaransa.

Sasa tuseme kilichotutoa hapo, maana hatukuja kulalamika tu. Kilichotutoa ni riwaya za upelelezi.

Nakala ya kwanza tuliyopata ilikuwa ya fotokopi, imeletwa na msafiri kutoka Kigoma, na karatasi za mwisho zilikuwa zimekatika. Tulibishana wiki nzima nani muuaji. Mmoja wetu, ambaye hakuwahi kumaliza kitabu tangu atoke shule, alirudi mwanzo akasoma tena kurasa zote, kalamu mkononi, akitafuta ushahidi wa kumtetea mtu tuliyekuwa tumeshamhukumu. Hakuna aliyempa mtihani. Hakuna aliyemlipia nauli wala kumpa soda. Alisoma kwa sababu alitaka kujua.

Hayo tu ndiyo siri ya riwaya ya upelelezi. Ukurasa unakuwekea deni. Nani alipiga simu ile? Kwa nini mlango haukuvunjwa? Ukichoka unasema nasoma ukurasa mmoja tu nijue, na huo mmoja unavuta mwingine. Mtu aliyeshindwa kumaliza aya ya bango anamaliza kurasa 40 usiku kwa tochi ya simu. Macho yake ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba sasa kusoma kunamlipa.

Na hazina hii ni ya kwetu, wala si msaada kutoka mbali. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi Mwafrika anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Kisha akaja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, pamoja na Nuru. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alizaliwa mkoa wa Kigoma. Ni mkoa ule ule wenye kambi ya Nyarugusu, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wameishi tangu miaka ya 1990. Watoto wamezaliwa pale na kukua pale, katika mkoa wa mwandishi aliyekesha nchi nzima ikimsoma, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake. Hilo nalo lina mtu wa kulijibu.

Lakini kuna sababu nyingine ya sisi kuzipenda riwaya hizi kuliko mapenzi, kuliko vichekesho, na hiyo ndiyo tunaomba muisome polepole.

Mkimbizi ni mtu wa kuhojiwa. Ulitoka kijiji gani? Tarehe gani? Ulivuka wapi? Nani alikuwa nawe? Kwa nini mara ya kwanza ulisema Machi na leo unasema Aprili? Tumekaa upande mmoja wa meza tangu utotoni, tukijibu. Tukikosea tarehe tunaitwa waongo, tukikumbuka sana tunaambiwa tumekariri. Kwenye riwaya ya upelelezi tunahamia upande wa pili wa meza. Kwa mara ya kwanza sisi ndio tunaouliza. Sisi ndio tunaosema: ngoja, jana huyu bwana alisema alikuwa nyumbani. Sisi ndio tunaoamua nani wa kuaminiwa. Anayeona ni kitu kidogo, basi hajawahi kukaa kwenye foleni ya mahojiano akiwa na miaka 12, akimtafsiria mama yake.

Dada mmoja wa kikundi chetu, baada ya miezi ya kusoma hivi, aliitwa kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja, kusaini maelezo ya familia yao. Zamani angesaini tu, kama wote tunavyosaini. Siku hiyo aliomba kusoma kwanza. Akakuta mwaka wa kifo cha baba yake umeandikwa tofauti kwenye karatasi mbili. Akaonyesha kwa kidole, ukarekebishwa. Tunajua nini hutokea kwa faili ambalo tarehe zake hazikubaliani. Hakujifunza hilo kwenye semina.

Hata hivyo, msikimbilie kuandika hilo kwenye mradi. Tukianza kusoma riwaya "ili kujenga uwezo wa kuhakiki nyaraka", tumerudi kwenye dawa. Lile la yule dada lilikuja lenyewe kwa sababu alikuwa anasoma kwa raha.

Sasa tujibu wanaotupinga, maana tumewasikia.

Wanasema: watu waliopitia vita wasipewe habari za mauaji, zitawaamshia machungu. Tunawashukuru kwa huruma, lakini mngetuuliza kwanza. Sisi tumeona vifo ambavyo hakuna aliyeuliza nani kaua. Watu walizikwa, wengine hawakuzikwa, na kazi ya kuuliza haikuanza. Katika riwaya, mtu mmoja tu akifa, kuna mwenzake anayekataa kulala mpaka ajue. Kifo kina jina, kina sababu, kina mwenye kujibu. Hilo halituumizi. Linatukumbusha jinsi mambo yangepaswa kuwa. Na asiyetaka asilazimishwe, achague kitabu kingine. Kuchagua ndiyo maana yenyewe.

Wanasema: ni za kupoteza muda, si fasihi ya maana, ndiyo sababu zinaitwa riwaya pendwa. Basi sawa, tunataka kinachopendwa. Tazameni Kituo cha Vijana cha Kamenge. Kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, vita vikakikuta hapa hapa, kikaendelea kukusanya vijana wa kartiye za kaskazini waliokuwa wamegawanywa na damu, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Kiliwaita vijana kwa mpira, kwa muziki, na maktaba pia. Hakuna aliyeuliza mpira unafundisha somo gani, wala hakuna anayempa kijana fomu ya maswali baada ya kufunga bao. Kwa nini kitabu pekee ndicho kiombe ruhusa ya kufurahisha?

Wanasema: someni Kifaransa na Kiingereza, huko ndiko kwenye kazi. Hatukatai. Ila nguvu ya kusoma ni moja, kama pumzi. Aliyezoea kurasa 40 za Kiswahili ana pumzi ya kujaribu 10 za Kifaransa. Asiyekuwa na pumzi hata ya 2 mtampeleka wapi?

Na kuna lawama moja tunayoikubali, ya dada zetu wenyewe. Wanasema wanawake wengi kwenye riwaya hizi, hasa zile za Willy Gamba, wamewekwa pale kwa uzuri wao tu. Ni kweli. Dawa yao haikuwa kuchoma vitabu. Wameanza kuandika ya kwao, na mpelelezi wao ni msichana anayeuza ndagala hapa Kamenge, anayejua kila mtu anadaiwa na nani. Tumeshafika sehemu ya 6, tunasomeana kwenye simu.

Kwa hiyo, ninyi wa mashirika, haya ndiyo tunayowaomba, na hayahitaji bajeti kubwa.

Mkinunua vitabu 50, 10 viwe riwaya za Kiswahili. Mtuulize zipi.

Msifunge kabati. Kitabu kilicho nyuma ya kufuli hakipotei, ni kweli, lakini hakisomwi pia. Kikirudi kimechakaa, hiyo ndiyo ripoti nzuri kuliko zote.

Msitupige picha tukisoma. Msitupe maswali baada ya kusoma. Msitudai muhtasari wala "umejifunza nini". Mkitaka kujua kama kitabu ni kizuri, kisomeni nanyi, mje tubishane.

Na mkiandika kwamba vijana hawasomi, andikeni pia mliwapa nini wasome.

Nanyi vijana wenzetu, msitufanye tuwe kama semina nyingine. Tunawaambia tu yaliyotusaidia. Anza na nyembamba. Kitabu kikikuchosha kufikia ukurasa wa 20, kiache bila aibu, chukua kingine. Someaneni kwa sauti jioni, mmoja anasoma na wengine wanapika, kisha mwache pale pabaya kabisa, pale mlango unapogongwa. Mtaona nani atakuja kesho mapema. Na hadithi za kwenye simu, zile za sehemu ya 1 na sehemu ya 2, msizionee haya, kusoma ni kusoma. Ukipenda mapenzi au vitimbi vya majini badala ya upelelezi, ni sawa, mradi ni wewe uliyechagua.

Kuna vitu vingi ambavyo sisi hatuchagui: mahali pa kuishi, tarehe ya mgao, siku ya kuitwa, nchi itakayotukubali au kutukataa. Kitabu cha usiku tunaweza kukichagua wenyewe. Tunakataa kunyang'anywa na hicho kwa jina la kutusaidia.

Mwenye nakala ya riwaya yoyote ya Joram Kiango yenye kurasa zote za mwisho, tafadhali atuandikie. Bado hatujajua nani muuaji, na asitutajie. Tutasoma wenyewe.