Nyama wa lupango: Mbwa anajikaza, choo hakitoke

Umeamuka asubuhi, unamuona mbwa yako anazunguka nyuma ya nyumba. Anainama, anajikaza, mukia unatetemeka, lakini hakuna kitu. Anahama, anainama tena. Mwishowe vinatoka vipande viwili vitatu, vikavu na vyeupe kama chokaa. Jirani anapita, anasema: "Umupitishe maji ya sabuni kwa nyuma, itaisha." Ngoja kwanza. Usikimbilie sabuni.

Mbwa huyu njo anayelinda lupango wakati baba ako kwa kazi ya usiku. Kama tumbo linamuuma, analala tu, na wezi wanapita. Basi tuangalie ugonjwa unatoka wapi.

Chakula kikishuka, utumbo mukubwa unavuta maji yaliyo ndani yake. Kama mavi yanakawia mule, maji yanavutwa zaidi na mavi yanakuwa magumu kama tofali. Katika nyumba zetu mambo tatu yanaleta vile: mifupa, kiu na munyororo.

Mifupa. Siku ya Mungu tunakula kuku, mifupa yote inaenda kwa mbwa. Tunafikiri tunamupenda. Lakini mifupa yenye kutafuniwa inakamatana ndani ya utumbo kama simenti. Na mufupa uliopikwa unavunjika kwa ncha kali, unaweza kutoboa utumbo. Uache kabisa kumupa.

Kiu. Tangu mwezi wa 5 mupaka mwezi wa 9, huku Katanga hakuna mvua. Robine inanyamaza, mama anabeba bidoni kwa kichwa, na mbwa anapata maji wa mwisho, ao hapati. Lakini mbwa wa kilo 15 ao 20 anahitaji karibu litre moja kwa siku, na zaidi kama kuna joto. Najua bidoni ni nzito.  Basi sufuria ya bukari, uiloweshe ukoko kwa maji kidogo: ni chakula na kinywaji pamoja.

Munyororo. Mbwa hapendi kuchafua pahali anapolala. Kama umemufunga tangu asubuhi mupaka usiku, anajizuiza, na kule kujizuiza njo kunakausha. Umufungue asubuhi na jioni, atembee hata robo saa. Miguu ikitembea, tumbo nalo linatembea.

Sasa tuje kwa sahani yake. Bukari tupu, ngumu, kila siku, haimufai. Fanya hivi:

1. Bukari uilegeze kwa maji ya moto kidogo ao mchuzi wa samaki, mupaka iwe kama uji muzito. Mchuzi usiwe na chumvi, pilipili wala kitunguu. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa.

2. Pika boga, ondoa maganda na mbegu, uliponde. Mbwa mudogo, kijiko kimoja cha supu ndani ya chakula. Mbwa mukubwa wa ulinzi, viwili ao vitatu. Hakuna boga? Kiazi kitamu kilichopikwa bila ganda kinafaa, ao lengalenga iliyopikwa na kukatwa kidogo-kidogo, ao papai lililoiva bila mbegu. Uanze na kidogo. Ukizidisha, ataharisha, na hapo umetoka shimo moja kuingia lingine.

3. Uendelee hivyo siku zote, hata akipona. Si dawa ya siku moja.

Mara nyingi, kisha siku moja ao mbili, choo kinalegea. Lakini sabuni, hapana: inachoma ngozi ya ndani ya utumbo. Vidonge vya watu vya kuharisha, hapana. Na usimufungue kinywa kwa nguvu kumumwangia mafuta; yanaweza kuingia katika mapafu, na unamuua mbwa ukitaka kumuponya.

Umupeleke kwa muganga wa nyama kama siku mbili zimepita bila choo, kama anatapika, anakataa chakula, tumbo limevimba, damu inatoka, ao unajua amemeza mufupa ao kitambaa. Na uangalie vizuri: ni mavi yanayokataa, ao ni mukojo? Kama anajikaza na mukojo hautoke, usingoje boga. Uende siku ileile.

Ku mwisho, mama, baba, muambie watoto: mifupa inaenda ndani ya shimo la takataka lenye kufunikwa, haiendi kwa sahani ya mbwa. Na kesho asubuhi, mbele ya kunywa chai, uangalie bakuli lake kama lina maji, kisha uende nyuma ya nyumba kuangalia choo chake. Pale utajua habari yake mbele hajaanza kulia.