Ukurasa wa Vijana: Vita vya Mezani



Wako watu wapakao rangi vijisanamu vya askari wa zamani, kisha huvipanga mezani wakacheza vita na rafiki zao. Je, yafaa? Juu ya vijisanamu wanavyuoni wamekhitalifiana, wenye kuruhusu vya kuchezea hutoa hoja ya wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), ambao Mtume (s.a.w.) hakuwakataza. Kuchezea fedha ni kamari, nayo ni haramu kwa Sura al-Maida, aya ya 90. Dadu wengi huikataza hata pasipo fedha. Na mchezo upitishao wakati wa Sala hauna kheri.

Kijana wa Morogoro anao mfano mlangoni pake. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia mji huu. Wadachi wa Lettow-Vorbeck walikuwa wamerudi kusini, kando ya milima ya Uluguru, kuelekea Kisaki. Mezani milima hiyo huvukwa kwa kidole. Lakini siku zile unga na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, nao walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi chao.

Basi apangaye askari na ampange na mpagazi pamoja na mzigo wake, kisha awaulize wazee ni nani katika ukoo wake aliyechukuliwa asirudi. Hapo atakuwa amejifunza vita ni nini.

Wabillahi tawfiq.